Siku Nilipowashika Watoto Wakinisalimia

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya Kitengela washaisikia, heri muipate kwangu kabla haijaongezwa chumvi.

Wazazi walikuwa wamenichagua kwa bodi ya shule ya binti yangu Naliaka, na kusema kweli cheo kilinipanda kichwani (nilinunua hata viatu), basi asubuhi ya mkutano wangu wa kwanza Naliaka akaniangalia nikipiga koti pasi, akaniambia, "Baba, tafadhali, leo usiniaibishe," nami nikacheka.

Tulikuwa tumeitwa kujadili tangi la shule, mfereji wake ulivunjwa na maji yote yakamwagika. Mtu mwenye akili angeenda moja kwa moja mkutanoni. Mimi nikaamua nipitie kwa tangi kwanza, nishike mhalifu, niingie kwa bodi kesi ikiwa imeisha.

Nikapata watoto wadogo hapo. Waliponiona wakanyamaza, wakanisogelea, wote wakainamisha vichwa na kusimama hivyo. Sasa kwetu Bungoma mtoto akikuinamia hivyo, jua kuna sukari imelambwa. (Nimepanga Kitengela miaka mingi, lakini natoka alfajiri narudi giza, majirani nawajua kwa magari yao.) "Kumbe ni nyinyi!" nikanguruma, na kadiri nilivyofoka ndivyo vichwa vilivyozidi kushuka, nikaona ushahidi ndio huo, nikawaswaga kama mbuzi hadi ofisini, ambako bodi ilikuwa inakunywa chai.

"Mwenyekiti, nimewashika!"

Mwenyekiti wetu ni Mama Nasieku, mama wa Kimaasai, mpole ajabu. Kabla sijamaliza hotuba, wale watoto wakamwendea mmoja mmoja, wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini huku kikombe kiko mkono wa pili, na kila aliyeguswa akainuka akitabasamu. Halafu kale kadogo kuliko wote kakarudi mbele yangu, kakainama tena, kakangoja.

"Baba Naliaka," akasema Mama Nasieku polepole, "hawa walikuwa wanakusalimia Kimaasai, wanangoja uwaguse kichwa. Umewaacha na vichwa chini toka huko kwa tangi?"

"Na mfereji?" nikauliza.

"Ni punda," akasema mwalimu mkuu. "Mlinzi alimwona."

"Na hata kama ingekuwa watoto," akaongeza Mama Nasieku, "hiyo ni kazi ya mwalimu. Sisi bodi tunauliza mbona tangi haliko na ua, na pesa ya ua itatoka wapi. Sasa salimia watoto."

Nikawagusa wote, jasho likinitoka, wanabodi wakijifanya wanatafuta sukari. Dirishani nikamwona Naliaka amefunika uso kwa viganja. Hapo ndipo iliniuma kweli.

Jioni alibeba sahani yake akaenda kula chumbani. Asubuhi akaja na begi mgongoni, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Sijavunja kitu, Baba," akasema, akizuia kicheko. "Nakusalimia tu."

Nikamgusa utosini. Siku hizi kwa mkutano mimi huuliza bei ya waya wa ua na kunyamaza, na mtoto akiniinamia popote, mkono wangu hutangulia mdomo.