Daktari Aliyesomea Juu ya Ngazi

Wapo watu wanaosomea udaktari miaka saba, wakatoka na miwani na nusu ya nywele zao. Brashi alisoma siku tisa tu, tena juu ya ngazi, huku anapiga mluzi.

Kazi yake ilikuwa kuandika kuta. Vibao vya maduka, majina ya shule, "Usikojoe Hapa" kwa herufi ambazo hata mkojoaji alisimama kuzisifu. Jina Brashi alipewa na mtaa, na alilipenda kuliko lile la cheti. Miaka sita iliyopita nesi mkuu wa zahanati alimpa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akamwonyesha ukuta unaotazama barabara, akamwambia apake maneno yote kuhusu homa ya mafua.

Sasa, wewe na mimi tukisoma neno, linaingia jicho hili linatokea lile. Mchora kuta hasomi hivyo. Kwanza anavuta uzi wenye chaki ili mstari unyooke, kisha anachora neno kwa penseli, kisha rangi, na ikikauka, rangi tena. Brashi alilipaka neno "antibayotiki" mara mbili, juani, mguu mmoja hewani. Neno la namna hiyo halikutoki hata ukizimia.

Aliposhuka kwenye ngazi siku ya tisa, mtaa ulikuwa umepata daktari.

"Nimepata mafua, kaka, nadhani ni mvua ya jana," mtu angesema.

"Mvua ya jana! Mvua ina kosa gani?" Brashi angeweka kopo chini. "Hayo ni maambukizi. Kirusi kikiingia hakigongi ngoma. Kinaatamia kwanza, kama kuku. Siku moja, mbili, mpaka nne, ndipo dalili zinatotolewa. Niambie, nani alikupigia chafya juzi?"

Na mgonjwa angekwenda zake akikumbuka nani alimpigia chafya juzi. Mara mbili majirani walinuniana kwa ajili ya elimu hiyo.

Siku moja fundi viatu, anayekaa na boksi lake mkabala na nyumba ya Brashi, alirudi na pakiti ya vidonge vya rangi mbili. Alikuwa anakohoa na macho yamemwiva. Brashi alivuka barabara akamnyang'anya mbele za watu.

"Hii ni nini?"

"Si ni dawa, bwana! Nirudishie."

"Hii ni antibayotiki. Inaua bakteria. Wewe una virusi. Unapeleka polisi kwenye nyumba ambayo mwizi hayumo! Nenda kalale, unywe maji."

Watu wakacheka mpaka fundi viatu akainamisha kichwa kwenye soli. Alilala, akanywa maji, na baada ya wiki akapona. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Brashi alikuwa sahihi. Mtu akikosea leo na kesho, anajifunza adabu. Huyu alipatia miaka sita mfululizo. Kichwa kilimvimba hata kofia ikamkataa.

Mtu mmoja tu hakumwita daktari, naye ni dada yake mkubwa. Mama yao alifariki Brashi akiwa bado anatambaa, na dada huyo ndiye aliyemlea, kwa cherehani moja na mdomo mkali. Mpaka leo, Brashi ana mvi mpaka masikioni, wanaishi pamoja katika nyumba ya vyumba viwili, na dada humwita "wee mtoto."

Dada akaugua. Homa ilimpanda ghafla, viungo vikamuuma kama amepigwa, kikohozi kikavu. Brashi akafurahi kidogo, Mungu amsamehe, kwa kupata mgonjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Homa ya mafua hii, Dada. Si mafua ya kawaida. Mafua ya kawaida yanabisha hodi, hii inavunja mlango."

"Wee mtoto, nimekuosha tope mimi. Lete maji."

Alimletea maji, akamnunulia dawa ya kushusha homa, akamfungulia dirisha. Yote sawasawa. Siku ya tano dada aliketi kitandani akamtukana juu ya rangi iliyomwagika sakafuni, na Brashi akatoka nje kuutangazia mtaa kwamba mgonjwa wake amepona.

Siku ya saba homa ikarudi. Safari hii ilikuja na baridi ya kutetemesha meno. Makohozi yakatoka na rangi ya kutu. Kesho yake asubuhi dada alishika ubavu wake akasema, "Nipeleke..." akavuta pumzi, "...zahanati."

"Ya nini, Dada? Watakupa vidonge vya rangi mbili. Homa hiyo ni virusi vinamalizia tu."

Hivyo ndivyo alivyosema. Moyoni alikuwa anatazama nje ya mlango, pale fundi viatu alipokaa na boksi lake. Njia ya zahanati ilipita mbele ya boksi hilo. Yaani ampitishe dada yake pale, kwenda kutafuta dawa ileile aliyomnyang'anya mwenzake hadharani? Afadhali avuliwe nguo.

Fundi viatu mwenyewe akaja kumjulia dada hali. Alisimama kizingitini, akasikiliza.

"Brashi, dada anahema vibaya."

"Wewe shona viatu."

"Nashona, ndiyo. Lakini kiatu kikitatuka nakiona, bila kupanda ngazi."

Akaondoka. Brashi akaketi ukingoni mwa kitanda, na ili amtulize dada, na ajitulize mwenyewe, akaanza kumsomea ukuta kwa kichwa. "Homa ya mafua huletwa na virusi. Antibayotiki haiui virusi. Mgonjwa apumzike, anywe maji mengi..."

Ukuta uliishia hapo, lakini karatasi ya nesi haikuishia hapo.

Aliikumbuka kama anaiona. Alikuwa ameandika herufi kubwa mno, kwa majivuno, zisomwe toka ng'ambo ya barabara. Alipofika kwenye dirisha, nafasi ikawa imekwisha na mstari mmoja umebaki. Kufuta na kuanza upya? Aliutazama ule mstari, akauona ni maneno ya kuzidisha tu, na pale nesi alipoweka mkato, yeye akaweka nukta. Wauguzi huingia kwa mlango wa nyuma, hakuna aliyegundua. Mstari wenyewe ulisema: lakini akipata nafuu kisha homa ikarudi, au akipumua kwa shida, aletwe haraka.

Dada alivuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi.

Brashi alimwaga ngazi na makopo yote kutoka kwenye mkokoteni wake, akatandika godoro, akambeba dada aliyekuwa mwepesi kuliko alivyotarajia. Fundi viatu aliona, akatupa kiatu cha mteja, akaja kusukuma kwa nyuma. Walipita mbele ya boksi lake, na Brashi alitamani amseme tu yaishe.

Zahanati, nesi alimbana dada kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, akasoma namba, akaacha kutabasamu. Akamsikiliza kifua, huku Brashi akieleza jinsi homa ilivyoondoka ikarudi.

"Nimonia," alisema. "Virusi vimechosha mapafu, bakteria wameingia nyuma yao. Anahitaji oksijeni na antibayotiki, sasa hivi. Homa ilirudi lini?"

"Jana... jana asubuhi."

"Mbona hamkuja jana?"

Brashi, aliyekuwa na jibu la kila chafya, akashika mtungi wa oksijeni akausukuma mpaka kitandani.

Siku mbili dada alilala na mpira wa oksijeni puani, na siku mbili Brashi alikaa kwenye kiti cha plastiki. Hakwenda kazini, na kila mara kifua kile kilipochelewa kupanda, chake kilisimama pia. Siku ya tatu homa ilishuka, na dada akafumbua macho yaliyomjua mtu.

Nesi alikuja na faili. "Bibi, nyumbani nani alikuwa anakuangalia? Nani alisema usiletwe?"

Brashi aliinuka. "Ni mimi, nesi. Na ule ukuta wenu nao haujakamilika. Mstari mmoja niliuacha, nafasi ilinishinda."

Nesi alimkodolea macho. Akafungua mdomo kumfokea.

"Usimfokee, mwanangu," dada alisema, taratibu, pumzi kwa pumzi. "Na mimi nilimwamini. Alikuwa anasema vizuri mno."

Hakuna tusi la dada lililowahi kumwingia Brashi kama neno hilo.

"Basi kaa hapo," nesi alimwambia Brashi, "umpe maji."

Akakaa. Akachukua kikombe, akampa dada maji kijiko baada ya kijiko, akimngoja ameze, wala hakumweleza yanafanya kazi gani mwilini.