Vidole Saba vya Muuza Dawa

Siku hizi dawa ya ng'ombe tunanunua dukani kama sabuni na kuchoma sindano wenyewe. Juzi, kwenye duka moja hapa Bariadi, mama anayeniuzia maziwa alinunua dawa ya kiwele kilichovimba. Muuzaji akainua vidole saba, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Siku saba maziwa yasinywewe, mayu."

"Hata nikiyachemsha?"

"Moto hauondoi dawa."

"Wateja wataniacha. Na kwetu maziwa hayamwagwi; yakimwagwa, ng'ombe hukauka."

"Basi mwachie ndama."

Mama alifunga chupa ya dawa kwenye pindo la khanga, akanigeukia.

"Baba, wiki hii usije. Ng'ombe mwingine sina."

Tangu hapo nanywa chai ya rangi, nikijiuliza ni wangapi waliniuzia maziwa bila kuonyeshwa vidole vile.