Picha za kicheni pati zimefika Mikumi

Jamani, leo nimeyakanyaga.

Leo nimeweka Windows mpya kwenye kompyuta yangu hapa Kilosa. Ikauliza kama itunze picha zangu kwenye akaunti. Mimi na haraka zangu, nikabonyeza kubali, kubali, kubali.

Mara baba mdogo anapiga kutoka Mikumi. Nilimpa simu yangu ya zamani, akaunti yangu sikuitoa!

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona simu yangu inajaa wanawake wanakata viuno?"

Kicheni pati ya rafiki yangu Neema! Mwanaume haruhusiwi kuona. Waliniamini mimi nipige picha.

"Baba, zima data!"

"Naizimaje? Kwanza simu anayo mzee mwenzangu, mimi napigia yake, anasema huyo wa katikati anaolewa na mwanawe."

Neema ananipigia sasa hivi.

Nipokee?