Kuonja Jibini Mwezi wa Ramadhani

Mama aliponiambia nionje chumvi, sikuwa nimekula wala kunywa chochote tangu alfajiri, na bado nisingeweza kumwambia kama nimefunga.

Tulikuwa jikoni kwake Nabuyonga, mjini Mbale, alasiri. Kati yetu palikuwa na beseni la jibini iliyokunwa na kuchanganywa na dania na pilipili mbichi. Pembeni, chini ya kitambaa chenye maji, palikuwa na rundo la manda, zile karatasi za unga za kufungia sambusa.

"Onja," alisema tena, akaninyooshea kijiko.

Mtu mwingine angejua la kufanya. Asiyefunga angeonja na kumeza. Aliyefunga angesema nimefunga. Shida yangu ilikuwa nia. Tulipokuwa watoto, mwalimu wa madrasa alitufundisha kwamba funga ni mambo mawili: kunuia usiku na kujizuia mchana. Bila nia, alisema, hiyo ni njaa tu, hata mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba huwa nayo. Tulicheka sana. Sikujua kwamba siku moja ningekaa kufikiria hali ya huyo mbuzi kwa makini.

Chuoni nilianza kuuliza maswali, na nilipomaliza masomo maswali hayakumalizika. Ramadhani ya mwaka huu ilinikuta Jinja, ambako ninafanya kazi katika ofisi ndogo inayonunua mahindi na kahawa kutoka kwa wakulima. Niliamua sitanuia. Nilitaka kwanza nijue ninanuia kwa nani, na kwa nini huyo anahitaji nishinde na njaa. Nililiona ni jambo la haki kabisa. Lakini asubuhi ya kwanza nilimimina chai, nikaitazama mpaka ikapoa. Mchana nikaambiwa twende tukale, nikasema nina kazi. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Msichana ninayepanga naye, Mkristo asiyependa mambo ya kuzungukazunguka, aliniuliza kama ninafunga. Nikasema hapana.

"Basi kula."

"Sina njaa," nikamwambia. Njaa nilikuwa nayo, tena ya kutosha watu wawili.

Kisha nikatumwa Budondo kuandikisha wakulima, na mama mmoja akaniletea mahindi ya kuchemsha yanayotoa moshi. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema, "Samahani mama, nimefunga." Akaomba radhi, akayafunika. Njia nzima ya kurudi mjini nilijiuliza kama nimemdanganya yeye, au kama nilikuwa nikijidanganya mimi siku zote zilizotangulia. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limezama, nikala.

Huyo mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenifundisha jibini ya kukaanga. Alikuwa ameiona kwenye simu, tukaijaribu Jumapili moja miezi kadhaa kabla ya mfungo. Mara ya kwanza jibini yote ilitoroka ndani ya mafuta, tukala maganda matupu. Mara ya pili tuliziba vizuri, tukayalaza kwenye friji mpaka yakaganda, na yalipotoka kwenye karai yalikuwa magumu nje na laini ndani. Nilimsimulia mama kwa simu. Ndilo lililoniponza.

Mama ana dada yake mkubwa, anayeishi upande wa maduka ya jumla. Mama mkubwa huyu aliwahi kusema harusini, mbele ya wanawake wenzake, kwamba watoto wanaopelekwa vyuoni wanarudi na cheti bila dini. Hakunitaja. Hakuwa na haja, kwa kuwa katika ukoo wetu aliyekuwa amerudi na cheti ni mimi peke yangu. Mama alilimeza neno lile, na nadhani halikushuka. Katikati ya Ramadhani akanipigia simu.

"Jumamosi dada yangu atafuturu kwangu. Njoo, na uje na hayo maziwa yako ya kukata, hiyo jibini. Nataka akuone."

"Anione nini?"

"Akuone tu."

Nilielewa. Alitaka nionekane nimefunga. Lakini hakuniuliza kama ninafunga, siku ile wala siku nyingine yoyote iliyotangulia. Nafikiri aliliogopa jibu langu. Mimi nilikuwa naogopa kwamba sina jibu.

Nikanunua jibini Jinja, nikaifunga kwenye magazeti na mfuko wa barafu, nikafika Mbale barafu imekuwa maji. Dukani hawakuwa na ile niliyoizoea. Hii ilikuwa nyeupe, ngumu kidogo, na karatasi yake ilisema ina chumvi bila kusema ni kiasi gani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo friji ya mama ilikuwa kabati tu. Tuliikuna hivyohivyo. Mama alitia dania, mimi nikatia pilipili, tukaongea habari za majirani, na baadaye akasimama ghafla.

"Umetia chumvi?"

"Nilidhani umetia wewe."

"Nafikiri nimetia. Hebu subiri. Hapana. Au wewe?"

Mkebe wa chumvi ulikuwa wazi mezani, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuufungua. Hapo ndipo lilipoanza suala la kijiko. Zamani kazi ya kuonja ilikuwa ya wadogo zangu ambao hawajafikia umri wa kufunga. Waliipigania, na walionja zaidi ya ilivyohitajika. Sasa nyumba haina mtoto. Mama mwenyewe hakuwahi kula jibini maishani mwake.

"Mimi hata nikionja sitajua," alisema. "Anayejua inavyotakiwa kuwa ni wewe."

Ilikuwa kweli kabisa, ndiyo maana sikuweza kutambua kama ananiuliza habari ya chumvi au habari ya dini. Nilimtazama usoni. Hakukuwa na kitu cha kusoma. Kisha akaishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Kama uko kwenye siku zako, sema. Hakuna aibu. Onja, ule, na dada yangu hatauliza zaidi."

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema ndiyo, chumvi ingejulikana, na sote tungepumzika.

"Siko," nikasema.

Akaweka kijiko chini. Akaenda kwenye mlango wa nyuma, akaita juu ya ukuta, "Afande!"

Jirani yetu ni askari wa magereza aliyestaafu, mtu wa kaskazini, Mkristo, anayefuga kuku na kuwapigia kelele kana kwamba wako gwaride. Aliitika kabla mama hajamaliza neno.

"Njoo utuonjee chumvi."

"Leo nimepata kazi," alisema akiingia, akifuta mikono kwenye suruali. "Kule gerezani mimi nilikuwa naonja maharagwe ya wafungwa. Mkubwa alikuwa anasema, kama iko sumu, kwanza askari akufe."

"Na hukufa."

"Sikukufa, mama. Lakini nyama pia sikuona."

Akachota jibini, akaitia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Hii ni nini?"

"Maziwa," mama akasema.

"Maziwa iko wapi?"

"Yameganda. Sema chumvi, afande."

"Mimi hii kitu sijakula hata siku moja. Nitajua namna gani kama chumvi ni yake ama ni yenu?"

Lilikuwa swali zuri, nikaona wivu kwamba sikulifikiria mimi. Akanigeukia.

"Musomi, wewe unaijua. Onja wewe."

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi. "Kaanga kwanza mbili," aliniambia. "Chakula huonjwa kikiiva."

Nikaweka jibini kwenye manda, nikaizungusha mpaka ikawa kama kidole, nikaziba ncha kwa uji wa unga wa ngano, nikafanya ya pili vilevile. Mafuta yalikuwa yamepata moto kwenye sigiri ya makaa. Cha kwanza kilipasuka, kikatapika kila kitu, mafuta yakarukaruka mpaka afande akarudi nyuma hatua moja. Cha pili kilishika. Alikipuliza, akakila chote.

"Hii iko muzuri."

"Chumvi imezidi au imepungua?"

"Kwangu iko sawa. Lakini mama ya watoto anasema ulimi yangu ilibaki gerezani."

Mama alicheka, kisha kicheko kikaisha akabaki amesimama na mwiko mkononi. Jua lilikuwa linashuka. Kulikuwa na beseni zima la kufunga na kukaanga, na mgeni mmoja ambaye asingesahau kuisema chumvi iliyozidi. Hakunitazama. Nilichukua makombo ya kile kilichopasuka, nikayagusisha kwenye ncha ya ulimi. Sikuwa na mpango wowote. Najua wanavyuoni wanamruhusu mpishi aliyefunga kuonja hivyo kwa haja, mradi asimeze, lakini ruhusa hiyo ni ya aliyefunga. Mimi niliyoyaweka mdomoni ningeweza kuyameza kwa amani, maana sikuwa na funga ya kuharibu. Nilitoka nje mbio, nikatema kwenye mtaro, nikasukutua, nikatema tena, mpaka nikahakikisha hakuna kilichobaki.

"Anatema," afande akasema. "Kumbe ni mbaya, na mmenilisha mimi?"

"Amefunga, afande," mama akamwambia.

Alisema bila kunigeukia, kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mvua imekaribia. Nikarudi ndani, nikasema chumvi imezidi kidogo. Akaponda viazi alivyokuwa amechemshia kachori, akavichanganya kwenye beseni. Afande akaondoka na vidole viwili vya moto kwenye karatasi, cha mkewe na, alivyosema, cha ushahidi.

Tulifunga vidole vya jibini na kukaanga. Lile neno la mama, kwamba nimefunga, lilinikaa vibaya.

"Mama, sikunuia."

"Nini?"

"Jana usiku sikunuia. Wala juzi. Tangu mwezi uandame sijanuia."

Akageuza vile vilivyokuwa kwenye karai, kimoja baada ya kingine.

"Na umekula?"

"Sijala."

"Maji?"

"Sijanywa."

"Tangu mwezi uandame?"

"Isipokuwa siku ambazo hata anayefunga hafungi."

"Unasema hivyo kwa sababu dada yangu anakuja."

"Ningetaka kukudanganya ningesema nimenuia."

Hilo lilimfanya anitazame.

"Basi kwa nini umetema?"

Nilitafuta. Nilipitia sababu zote: mazoea, heshima, kumwogopa yeye, afande kuwa pale, pengine kitu kingine nisichokitaka kukipa jina kwa sababu sina uhakika kama kipo. Kila moja ilifaa kidogo na hakuna iliyofaa yote.

"Sijui."

"Wanaokula kwa siri ninawajua," mama alisema. "Wako wengi, na wengine wanakaa safu ya mbele. Lakini anayefunga kwa siri, hata mwenyewe asijue, huyo sijamwona." Akanipa mwiko. "Moto usizidi. Naenda kutawadha."

Mama mkubwa alifika na tende zake mwenyewe, kwa kuwa haamini tende za watu wengine. Adhana ya magharibi ilipoanza, wote wawili waliinua mikono kuomba. Yangu ilipanda nusu, nikaimalizia kwenye chupa ya chai, nikaisogeza mahali ambapo haikuhitajika. Tende niliila pamoja nao, kwa wakati uleule.

Mama mkubwa akachukua kidole cha jibini, akakiuma, jibini ikavutika kutoka mdomoni mwake mpaka mkononi. Akaisubiri ikatike.

"Inavutika kama ulimbo. Hii ni halali?"

"Soma karatasi yake, imeandikwa," mama akajibu.

"Chumvi imekaa vizuri. Nani ameonja?"

"Jirani."

"Yule wa magereza?"

"Yule."

"Ndiyo maana ina adabu." Akachukua kingine, akanielekezea mimi kwa kidevu, lakini aliyemuuliza ni mama. "Na huyu msomi wako, amefunga?"

Ndilo lililomfanya anitoe Jinja, swali hilo, mbele ya sahani hizo. Mchana alikuwa amelijibu kwa askari wa magereza bila kusita. Nilimwona akiweka kikombe chini, akakizungusha mpaka mshikio wake ukamwelekea.

"Tangu alfajiri hajala wala hajanywa," alisema. "Na alipoonja alitema."

"Mashaallah," mama mkubwa akasema, akaniangalia kwa mara ya kwanza jioni ile kwa uso laini, akaniuliza habari za kazi Jinja.

Mama alikuwa amepata alichokitaka. Nilimtazama nione furaha, na sikuiona, wala sikuona huzuni. Alikuwa anakula kidole chake cha kwanza cha jibini maishani, polepole, akikikagua ndani kila baada ya kukiuma.

Mgeni alipoondoka, nilikaa uani nikiosha vyombo. Umeme ulikuwa umerudi. Mama akaja akasimama mlangoni, leso begani.

"Kesho unarudi Jinja?"

"Keshokutwa."

"Yale maziwa ya kukaanga yamebaki mengi. Kesho nitawaalika wenzangu wa darsa, tukaange tena." Akaiweka sawa leso. "Utafunga?"

Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo, kwa neno moja, bila chumvi wala kijiko.

"Sijui, mama. Nitakuambia asubuhi."

"Asubuhi ni kuchelewa. Niambie kabla hujalala," alisema, "nijue kama nitamwita afande aje kuonja."

Nikasema sawa. Akaingia ndani. Nilibaki nimeshika karai lenye povu, nikijaribu kuelewa ni nini hasa nilichomkubalia.