Nyaya Mbili Zilizosokotwa Pamoja

Kosa ninaloliandikia hapa ni adabu ya kutomkagua mtu. Tumeilea kama fadhila, tukaivusha bahari na kuifikisha Sydney, na katika majira ya baridi ya mwaka ule ambao sisi wa magharibi ya jiji tulifungiwa majumbani, nusura adabu hiyo imwachishe kazi mke wangu. Sitaipamba. Ni woga uliovikwa kanzu ya heshima, na mimi niliuvaa kwa hiari yangu.

Mke wangu huwahudumia wakongwe katika makao ya wazee kule Lidcombe. Zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi, nasi tunakaa Blacktown. Zamani angeweza kwenda kwa treni, lakini ulipokuja ugonjwa wa korona, msimamizi wake aliwasihi wafanyakazi wenye magari waache treni, wasije wakawapelekea wazee maradhi. Gari letu moja likawa lake asubuhi na langu alasiri.

Kabla ya amri ya kukaa ndani, mtu asiye na haya alilikwangua gari hilo ubavuni likiwa limeegeshwa nje ya kazini kwake, akaenda zake. Ndipo tukanunua kamera ya dashibodi, hizi zinazobandikwa kwenye kioo cha mbele. Tulitaka iunganishwe moja kwa moja na umeme wa gari, ili iendelee kulinda hata injini ikiwa imezimwa.

Katika jumuiya yetu ya Watanzania, kazi ya namna hiyo haipelekwi gereji. Hupelekwa kwa mtu tunayemwita Mhandisi: mtu mzima, mcha Mungu, mwenye cheti cha umeme wa majumbani cha miaka mingi iliyopita na kiti cha mbele katika kila shughuli. Alikuja Jumapili moja, akakataa malipo kabla sijayataja. "Baina ya ndugu, kaka? Usinitukane." Mke wangu akapika pilau. Nami, kwa kuwa kwetu kumsimamia mgeni aliyekuja kukusaidia ni sawa na kumwita mwizi, nikabaki sebuleni nikisoma kitabu. Baada ya nusu saa aliniita, akanionyesha taa ndogo ya buluu kwenye kamera.

"Ukiona hii inawaka, ujue mlinzi yupo macho."

Nikamshukuru mara tatu. Sikuinama kutazama chini ya usukani. Na hapa lazima niseme kazi yangu ni nini, maana aibu haikamiliki bila hilo: mimi ni mkaguzi wa makontena huko Port Botany. Sitii saini karatasi yoyote kabla ya kuiona lakiri kwa macho yangu na kuisoma namba yake kwa sauti.

Wiki tatu baadaye, karantini ikiwa imekaza, gari lilikataa kuwaka. Mke wangu alifika kazini saa moja na robo. Nilimpigia simu Mhandisi.

"Betri hiyo imezeeka, kaka," alisema akicheka. "Wewe mwenyewe unazeeka, sembuse betri?"

Nikanunua betri mpya. Baada ya siku tano, nayo ikafa. Fundi wa huduma za barabarani alikuja amevaa barakoa, akaliamsha gari kwa betri yake, akasema kuna kitu kinanyonya umeme, twende kwa fundi umeme wa magari. Mafundi umeme niliowapigia walikuwa wakipanga watu wa wiki mbili mbele. Mke wangu alichelewa tena, na safari hii msimamizi alimwita ofisini. Alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliotutisha, kwamba mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hawezi kusubiri gari la mtu. Akichelewa mara ya tatu, zamu za asubuhi atapewa mwingine, na zamu nyingine hazikuwepo.

Siku ya Ijumaa alirudi nyumbani, akavua barakoa, akaniuliza, "Umeshafungua pale alipofanyia kazi?"

"Nitamwambiaje Mhandisi? Kwamba nimeifumua kazi yake?"

"Mwambie mkeo anafukuzwa." Akaketi. "Unafungua makontena ya watu wa dunia nzima, mume wangu. Kifuniko cha plastiki cha gari lako mwenyewe kimekushinda."

Nilikasirika, na kwa muda nilimkasirikia yeye, kama ilivyo desturi ya wanaume waliokamatwa na ukweli.

Jumamosi asubuhi nililijaribu gari mara nyingi, likakohoa tu bila kuwaka; nikaiweka betri kwenye chaja mpaka ikajaa, nikachomoa chaja, nikasimama mbele ya boneti iliyo wazi nisijue la kufanya. Jirani yetu, mwanamke wa Kirundi, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa uzio. Naye hufanya kazi ya kuhudumia wazee, na kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana kwa kupungiana mikono tu.

"Muzee," aliniita, "hiyo gari yako ilikuwa inakohoa asubuhi yote. Sasa imenyamaza. Kunyamaza ndiyo mbaya zaidi."

Nikamweleza. Akaja mpaka kwenye uzio, akapandisha barakoa yake. "Ingia, gusa kamera. Usiguse funguo."

Nikaigusa. "Ina joto."

"Gari umeizima lini?"

"Tangu jana."

"Basi nani anaipasha joto? Jua la leo?" Ilikuwa Agosti, mwezi wa baridi huku, na pumzi yangu ilionekana. "Kamera yako hailale, muzee. Inafanya kazi kama gari iko barabarani."

Taa ya buluu ilikuwa ikiwaka. Nilikuwa nimeitazama kila siku kwa kuridhika.

Hakuweza kuvuka uzio, maana kutembeleana kulikuwa kumekatazwa, na kazini kwake nako wasingemsamehe. Aliingia ndani, akarudi na mita ya kupimia umeme ndani ya mfuko wa nailoni, ameipangusa kwa dawa mpaka inanuka spiriti, akanirushia. Mapacha wake walimlalamikia kwa Kiingereza kutoka dirishani kwamba wana njaa. "Mkate uko mezani na hauume!" akawajibu kwa Kiswahili, kisha akanigeukia. "Fungua kisanduku cha fyuzi. Niambie unaona nini."

Nilipiga magoti kwenye saruji baridi, nikakivuta kifuniko kilicho chini ya usukani. Kamera ile ilikuwa na nyaya tatu. Mweusi ulikuwa wa hasi, huo hufungwa kwenye chuma cha bodi. Wa njano ulipaswa kwenda kwenye fyuzi yenye umeme wakati wote, na mwekundu kwenye fyuzi inayopata umeme funguo ikiwashwa tu. Mwekundu ndio unaoiambia kamera kwamba gari limezimwa, ili ipunguze matumizi na ijikate kabla ya kuimaliza betri. Mhandisi alikuwa amezivua ngozi nyaya hizo mbili, wa njano na mwekundu, akazisokota pamoja kama uzi wa kushonea gunia, akazibana kwenye mguu wa fyuzi moja tu, ile ya umeme usiokatika.

Nilipomweleza jirani, aliuliza, "Huyo mutu alisoma karatasi?"

Nikafungua droo ya gari. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa humo ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa, pamoja na vishikio viwili vya fyuzi vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi ile. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha. Mtoto angeielewa. Nami, ninayejitapa kwamba silali bila kusoma, sikuwa nimekigusa.

"Hakusoma," nikasema. "Wala mimi."

"Wanaume wawili na karatasi moja," alisema, akacheka mpaka akashika uzio. "Haya. Toa kwanza waya wa masi kwenye betri." Masi ndivyo alivyouita waya wa hasi. "Usinifie hapo, nitasemaje kwa madame wako?"

Nilipokuwa nikiufuata waya kwenda juu kwenye nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele, aliniuliza umepita wapi. Nikamwonyesha. Hapo hakucheka. Waya ulikuwa umekatiza mbele ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka wakati wa ajali kulinda kichwa cha dereva. Dereva huyo alikuwa mke wangu. Yule mtu alikula pilau yake, akamwombea baraka, na kumtegea waya mbele ya uso.

Tulifanya kazi kwa saa mbili, yeye akisema, mimi nikitenda. Tulisubiri kwanza umeme uliobaki upungue, nikabandua kifuniko cha nguzo, nikaupitisha waya nyuma ya mfuko, sambamba na nyaya za kiwandani. Kisha nikairudishia betri masi yake na kuanza kupima fyuzi moja baada ya nyingine, nikimtajia namba kwa sauti. Alitaka ile inayosoma volti kumi na mbili funguo ikiwashwa na sifuri ikizimwa. "Rudia," alikuwa akisema. "Usiniamini mimi, amini mita." Maneno hayo sikuwa nimeyasikia kutoka kwa fundi yeyote wa jumuiya yetu. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema kambini, mkoani Kigoma, alikokuwa akichaji simu za watu kwa betri za magari na paneli ya jua. Betri ikifa, wateja hawakutaka kusikia historia.

Nilizikata ncha zilizosokotwa, nikaufunga wa njano kwenye fyuzi ya umeme usiokatika na mwekundu kwenye ile tuliyoipata, kila mmoja kwa kishikio chake, kisha nikazima gari. Taa ya buluu ikapepesa mara chache, ikatulia ikimetameta polepole. Jumapili jioni nilipima betri: haikuwa imeshuka kwa kiasi cha kutia shaka.

Jumatatu gari liliwaka kwa mguso mmoja. Mke wangu alinitumia picha ya saa ya ukutani kazini kwake: saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili. Zamu zake zilibaki zake.

Ningeweza kunyamaza hapo, na kwa desturi yetu ndivyo ilivyonipasa. Lakini mchana wa siku ileile Mhandisi, aliyesikia kwamba gari limepona, aliandika katika kundi la simu la jumuiya kuwa tatizo lilikuwa betri tu, kama alivyoshauri tangu mwanzo, na kwamba wenye kamera wamwone karantini ikiisha. Vikafuata vidole gumba na "Mungu akuzidishie, Mhandisi wetu." Niliwahesabu watu watatu, wote wenye wake na watoto wanaopanda magari yao, wakijiandikisha foleni.

Niliwaza jinsi atakavyofedheheka, na jinsi nitakavyoitwa mtovu wa shukrani. Kisha nikapiga picha ya zile ncha mbili zilizosokotwa, nilizokuwa nimezikata na kuziweka mezani, nikaituma. Chini yake nikaandika kwamba fyuzi ilikuwa moja badala ya mbili, kwamba waya ulikatiza mbele ya mfuko wa hewa, kwamba mimi sikukagua na kosa hilo ni langu, na kwamba wote aliowafungia kamera wafungue vifuniko leo hii. Mtu akauliza, kwa ukali, ni nani basi aliyelitengeneza, kama si Mhandisi.

Nikajibu: jirani yangu, Mama Mapacha.