Mistari Myeupe kwenye Sakafu ya Ziwa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kukagua kila kipimo kabla ya kuachia nafasi ya kingine. Nikaliita uangalifu.

Nilijifunza kuandika programu peke yangu, kwenye chumba cha kupanga Kirumba, Mwanza, kwa kompyuta ya mtumba na bando la simu. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia imetosha, kwa hiyo hakuna kilichowahi kutosha. Kuna siku mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa muuza maandazi, na nikirudi chumbani nilikaa nikijiuliza kama hata salamu yangu kwake ilikuwa sawa.

Kazi ya kwanza ya kweli nilipewa na dada mmoja mpimaji, aliyekuwa akichora sakafu ya ziwa upande wa Kigongo. Chombo chake kilifungwa ubavuni mwa boti, kikituma sauti majini na kupokea mwangwi. Vipimo vilimiminika kwenye kompyuta. Programu hairuhusiwi kugusa chombo yenyewe. Kiini cha mfumo endeshi, ile programu kuu inayoongoza kompyuta nzima, ndicho kinachopokea. Ili kiini kisipoteze muda kuninakilia kila kitu, nilitenga sehemu ya kumbukumbu ambayo sote wawili tunaiona, yenye nafasi zinazozunguka kama duara. Kiini kinajaza nafasi, programu inasoma palepale, kisha inaiachia ijazwe tena. Nilijivunia sana njia hiyo.

Ramani ikatoka na mistari myeupe, mahali vipimo vilipokosekana.

"Mdogo wangu, ziwa lako lina mapengo mengi kuliko mdomo wa bibi yangu," alisema dada.

"Ni waya, dada."

Tukabadilisha waya. Mistari ikabaki.

"Boti ninayo leo tu," akasema. "Mchana tunarudi majini mara ya mwisho. Ikishindikana namwita mtu wa Dar. Usinichukie."

Sikumchukia. Niliogopa. Yeye na nahodha wa boti ndio watu pekee Mwanza nzima ambao wangejua kama sijaonekana siku hiyo.

Tulikula ufukweni, ugali na sato. Nilikuwa natoa miiba huku nikiiwaza programu.

"We kijana, unakula au unafanya upasuaji?" nahodha akauliza.

"Nakula, baba."

"Wenzako tumeshanawa."

Dada alicheka, kisha akasogeza kiti. "Hebu nionyeshe hiyo programu."

Sikuwahi kumwonyesha mtu kazi isiyokamilika. Nilitaka kusema betri imeisha. Badala yake nikageuza kioo cha kompyuta kumwelekea, nikamweleza duara lile.

"Nafasi zikijaa zote, vipimo vipya vinakwenda wapi?"

"Kiini kinavitupa. Kinahesabu kinavyotupa."

"Vingapi?"

Sikujua. Kiini kilikuwa na jibu muda wote, mimi sikuwahi kuuliza. Niliongeza mstari mmoja wa kuuliza, nikaipitishia programu vipimo vya majaribio kwa mwendo uleule wa asubuhi, tukatazama idadi ikipanda na kupanda. Kila nafasi nilikuwa nimeing'ang'ania, nikikagua kina, saa, nguvu ya mwangwi, huku vipimo vipya vikikosa pa kuingia.

Nikafuta ukaguzi wote. Programu ikasoma, ikaandika kwenye diski kilichokuja jinsi kilivyo, ikaachia nafasi. Nilihisi kama natoka nyumbani bila shati.

Mchana tulipita tena palepale. Ramani ikatoka nzima, haina mstari hata mmoja, lakini imejaa madoa, miangwi ya ovyo, labda samaki. Nilianza kuomba radhi.

"Madoa nitayasafisha," dada akanikatiza. "Pengo ningelisafishaje? Kesho asubuhi uje, boti nitaiongezea siku, tuna eneo jingine."

Bado naishi peke yangu, na bado naandika upya mistari isiyo na tatizo. Lakini siku hizi programu zangu hupokea kwanza na kukagua baadaye, na kazi nampelekea dada ikiwa nusu, kabla sijajua kama ni nzuri.