Uwanja Wenye Mapunye

Alhamisi asubuhi Kinyozi alifungua mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi, akautazama uwanja wake, na chai aliyokwisha kuimeza ikataka kurudi ilikotoka.

Ukoka ulikuwa umekatwa jana yake jioni, kama kukatwa ndilo neno lake. Hapa umesimama wima kama nywele za mtu aliyeamshwa kwa kelele, pale umelala kifudifudi kama umepigwa kofi. Katikati yametapakaa mabonge ya majani mabichi yaliyogandana, meusi upande wa chini, kama kitu alichotapika ng'ombe mwenye homa. Na harufu! Ile harufu ya majani yanayoanza kuoza ilimpanda puani, ikakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mapunye," akasema peke yake. "Uwanja wangu umeota mapunye."

Mtu mwingine angesema nyasi ni nyasi, akajiendea kazini. Lakini huyu bwana alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Shuleni alihama dawati kwa sababu jirani yake alichana nywele, njia ya kichwani ikapinda. Kazi ya unyozi alijifunza kwa fundi mmoja mzee, na fundi huyo alimfukuza siku alipomwuliza mteja, mbele ya watu, "Mzee, huyu aliyekunyoa mara ya mwisho, ulimkosea nini?" Akaenda kufungua kibanda chake mwenyewe, viti viwili na kioo chenye ufa alioufunika kwa kalenda, na watu wakajaa. Walikuja kunyolewa, walikuja pia kutukanwa, maana matusi ya Kinyozi yalikuwa bure na yalikuwa ya kiwango cha juu. Mwenyewe alijisifu mchana kutwa: "Kichwa nilichokipitia mimi, nzi akitua anateleza!"

Basi mtu wa namna hiyo, uwanja wa namna ile, ni ugomvi mtupu. Ila safari hii kinyaa kilikuwa na jambo zito nyuma yake. Kilikuwa na Mama.

Mama yake Kinyozi alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akalazwa, akaungwa, akarudi nyumbani na kitembezi cha chuma chenye miguu minne. Yule binti wa mazoezi ya viungo hospitalini alimwambia atembee kila siku mahali laini palipo sawa. Mama akaichagua safari yake mwenyewe: kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye benchi lililo karibu na uzio, ambako tangu zamani alikuwa akikaa kupiga soga na jirani wa upande wa pili. Njia ya simenti aliikataa katakata. "Simenti haina huruma," alisema. "Nikianguka, nianguke kwenye majani kama binadamu." Lakini kwenye mabonge yale mabichi kitembezi kiliteleza kama kimepakwa sabuni, na kwenye nyasi zilizolala miguu yake ilinasa.

Na Dada mkubwa alikwisha kutoa kauli mapema wiki hiyo. Dada huyu, mzaliwa wa kwanza, anaishi mjini ghorofa ya tatu, na akisema neno halirudi.

"Jumapili nakuja," alisema kwenye simu. "Mama akishindwa kufika kwenye benchi lake kwa miguu yake, anapanda gari langu, anahamia kwangu. Siwezi kukaa huku nikisubiri simu ya pili ya bafuni."

"Kwako kuna nini, Dada? Ghorofa ya tatu? Atakuwa anaongea na pazia!"

"Ataongea na pazia akiwa mzima."

Mama alisikia yote. Aligeuza uso dirishani akalitazama benchi lake, na Kinyozi akamwona. Hapo ndipo alipoapa kwamba uwanja ule utanyooka uwe kama kichwa cha bwana harusi.

Sasa, aliyekuwa akikata nyasi pale nyumbani ni Shemeji, kaka wa mkewe, dereva wa lori aliyepewa chumba cha nyuma. Kijana mzuri, mcheshi, mkono wake mwepesi wa kusaidia, lakini alisukuma mashine ya nyasi kama anavyoendesha lori: macho mbele, nyuma shauri yao. Alikata asubuhi na umande wake. Alishusha kimo mpaka chini kabisa, ati asirudie mapema. Akizungukia kona, anakanyaga alikokwisha kukata. Kinyozi alikuwa akichungulia dirishani akikunja uso kama aliyelamba ndimu.

Mwishowe aliamua kwamba kisu cha mashine ni kibutu. Jumatano alikwenda kuazima spana kubwa kwenye lori la Shemeji, akakifungua kile kisu, chuma kirefu chenye makali kwenye ncha zake mbili, akakipeleka kibandani. Akakinoa mbele ya wateja: kwanza kwa jiwe, halafu kwa mkanda wa ngozi wa kunolea nyembe. Akanyoa vinyweleo vya mkono wake kwa kisu cha nyasi, watu wakapiga makofi. Mchana akakirudisha kwenye mashine mwenyewe, akakaza nati, akarudisha spana. Jioni, nyasi zikiwa kavu, Shemeji akakata.

Na huo ndio uchafu uliokuwa mbele ya macho yake Alhamisi ile.

Jioni yake Shemeji aliingia kibandani kunyolewa, akipiga mluzi. Kinyozi akamfunga shuka shingoni, akakaza. Akaanza upande wa kushoto, mashine inanguruma, wateja kwenye benchi wanasubiri.

"Jamani," akasema Kinyozi, "mnamwona huyu? Huyu nimempa kisu kinachonyoa mkono. Kinanyoa mkono! Ameenda nacho uwanjani, amerudi na matapishi."

"Shemeji, mimi nimekata kama ulivyosema," akajibu Shemeji. "Zimekauka, kimo nimepandisha. Ile mashine sasa haikati, inapiga. Nimeisikia inavyolia, inazipiga nyasi."

"Inapiga! Mashine inapiga! Basi na hii ya kwangu inakutekenya?"

Watu wakacheka.

"Nakwambia kweli. Angalia kile kisu."

"Kisu nimekinoa mimi! Mimi! Tatizo si kisu, tatizo ni mkono. Wewe hata uji ungeukoroga ukatoka na mabonge. Dada yako aliniambia ulipokuwa mdogo ulikuwa unakula kwa kukanyaga sahani, nikadhani ananitania."

Kicheko kikavunja kibanda. Shemeji akasimama. Akajifungua shuka polepole, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti. Upande wa kushoto kichwa chake kilikuwa kinang'aa, upande wa kulia kichaka. Akatazama kioo, akavaa kofia yake.

"Haya," alisema. "Kata mwenyewe." Akatoka.

Ijumaa yote alishinda barabarani na lori lake, kofia mpaka kwenye nyusi. Mke wa Kinyozi alipojua, alimwekea mumewe chakula mezani bila kumwangalia. "Umemwacha ndugu yangu nusu kichwa," alisema tu. Kauli fupi namna hiyo, kwa mwanamke anayependa kuongea, ni kama kufungiwa mlango.

Jumamosi Kinyozi alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na homa. Alingoja jua likaushe umande mpaka kiganja chake kilipopita juu ya nyasi kikatoka kikavu. Akakusanya mabonge ya zamani kwa reki, akiwa amejifunga kitambaa puani. Akapandisha kimo ili akate ncha tu. Akachora kwa macho mstari mmoja kutoka uzioni mpaka jikoni, akavuta kamba ya mashine, akaanza kusukuma, hatua za bwana mkubwa, kila mstari ukiulalia kidogo mstari wa jirani yake. Mama alikuwa ameketi mlangoni, mikono juu ya kitembezi, anatazama. Kinyozi alimpungia mkono kama rubani.

Alipofika mwisho akageuka kuangalia kazi yake.

Nyasi zilikuwa zimelala, safu kwa safu, kama wagonjwa wodini. Zilizosimama zilikuwa zimechanika ncha, nyuzinyuzi nyeupe zinaning'inia. Na kila baada ya hatua chache, bonge. Bonge lake mwenyewe, mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu," Mama akaita kutoka mlangoni, "hapo ndipo umemaliza au ndio unaanza?"

"Naanza, Mama!"

Akazima mashine, akachomoa waya wa plagi ya injini isije ikajiwasha, akailaza ubavu. Loo! Tumboni mwa mashine kulikuwa na gamba la nyasi zilizooza, nene kama mkate, kijani nje na jeusi ndani, na humo jeusi vitu vyeupe vidogo vilikuwa vinajinyonganyonga. Huyu mtu amegusa vichwa vya kila aina, vyenye chawa, vyenye mba, vyenye vidonda, lakini hapo alienda kando ya uzio akainama, na asubuhi yake yote ikamtoka. Akarudi, macho yanamtoka machozi, akaokota kipande cha ubao, akaanza kukwangua. Uchafu ukadondoka mapandemapande juu ya viatu vyake. Alitukana kila bonge kwa jina lake.

Gamba lilipoisha akabaki na kisu. Akapitisha kidole gumba kwenye makali kwa mazoea tu, kama anavyofanya na wembe. Yalikuwa makali vilevile, masafi, yanang'aa. Hayakuwa na hata tone la utomvu. Akapitisha kidole upande wa pili, kwenye mgongo wa kisu. Kidole kikatoka kijani tupu.

Akakizungusha kile kisu kwa mkono, polepole, kwa upande unaozungukia. Mgongo ukatangulia. Makali yakafuata nyuma, kama bosi.

Kinyozi akakaa chini kwenye nyasi.

Maana alikumbuka. Jumatano, kisu mkononi, aliona zile ncha zake zimekunjwa kidogo kama masikio. Akafikiri kinyozi anavyofikiri: mashine ya kunyolea ina meno ya kichana, na kichana hukaa chini, kikigusa kichwa. Basi akayaelekeza masikio chini, yaguse nyasi. Kumbe masikio yale hutazama juu, yapepee upepo wa kuzisimamisha nyasi kabla ya kukatwa. Alikuwa amekifunga kisu chali. Mashine ilikuwa inazichapa nyasi kwa bakora, kama alivyosema yule aliyemwacha nusu kichwa.

Kwa mara ya kwanza maishani kinyaa chake kilikosa pa kwenda. Kilitafuta mtu wa kumtemea, kikazunguka uwanja mzima, kikarudi kwake. Akayatazama mabonge, akaiona midomo yake mwenyewe pale kibandani, inachapa, inachapa, watu wanacheka. Akatema mate pembeni.

Kukifungua kile kisu kulihitaji spana. Na spana ilikuwa kwenye lori.

Akapiga simu. Iliita mpaka karibu ikate.

"Eeh," sauti ya Shemeji, na nyuma yake mngurumo wa injini.

"Shemeji."

"Ndiyo."

"Ile mashine. Inapiga."

"Sijakusikia, kuna kelele. Sema tena."

"Inapiga, bwana! Inapiga! Kisu nimekifunga chali. Mimi mwenyewe. Wewe ulisema kweli, mimi nikakukosea mbele ya watu. Unisamehe. Na uje na spana, Dada anakuja kesho."

Injini ikazimwa. Kicheko kilichotoka kwenye simu ile kilimfikia hata Mama mlangoni.

"Nakuja. Lakini spana haishuki kwenye lori kabla hujamaliza kichwa changu. Na uninyolee kibandani, mbele ya walewale."

Kikafunguliwa kibanda, nusu saa tu. Wateja wale hawakuwapo wote, lakini waliokuwapo walitosha. Kinyozi alikinyoa kile kichaka cha upande wa kulia huku akiwaeleza habari ya kisu, kuanzia jiwe mpaka funza, hakujibakizia kitu, na alipomaliza walimcheka kwa muda mrefu kuliko walivyomcheka Shemeji. Alikunja uso, lakini aliwaacha wacheke.

Alasiri wakakigeuza kisu wawili. Reki kwanza, kuziamsha nyasi zilizolala. Halafu Shemeji akasukuma mashine kukatisha mistari ya zamani, taratibu, na safari hii mashine ililia wimbo mwingine kabisa, na majani yakatoka madogo kama chai, yakapotea katikati ya nyasi. Kinyozi alimfuata nyuma na reki, mdomo wake umefungwa, ingawa ilimgharimu.

Jumapili Dada aliteremka garini, mkoba mkubwa mtupu begani, wa kuwekea nguo za Mama. Hakuuficha.

"Haya, Mama. Nionyeshe."

Mama akavua viatu. Akasogeza kitembezi kwenye nyasi, akakisukuma kidogo kukijaribu kama anayejaribu godoro, akaanza. Mke wa Kinyozi alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Shemeji alikuwa amevua kofia, kichwa chake kinang'aa pande zote. Katikati ya uwanja Mama akasimama, Dada akapiga hatua moja mbele, Mama akanyanyua kiganja: kaa hapohapo. Akapumua. Akaendelea. Akalifikia benchi, akaligeukia, akakaa.

Kinyozi akashusha pumzi. Mama hata hakumwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini ya benchi, mahali ambapo mashine haifiki, palipobaki kishungi kirefu cha nyasi na bonge moja la zamani, limekauka. Uso wa Mama ukakunjamana taratibu, pua ikapanda, mdomo ukashuka pembeni kama aliyelamba ndimu.

"Na hapa?" akauliza, sauti imejaa karaha. "Aliyenyoa hapa ni nani? Mnataka nikae juu ya uchafu huu? Leteni mkasi!"

Dada alimtazama mama yake, akamtazama mdogo wake, akautazama uso uleule kwenye watu wawili. Akaukunja ule mkoba mtupu, akauweka chini ya kwapa.

"Huyu siwezi kukaa naye," alisema. "Atanikagulia nyumba yote."

Kinyozi alikuwa ameshakimbilia ndani kuchukua mkasi.